Bendi ya Purdue na Safari za Mechi za Ugenini

Bendi ya gwaride ya Chuo Kikuu cha Purdue, kilichopo West Lafayette katika jimbo la Indiana, Marekani, ilianza mwaka 1886 ikiwa na wapiga ngoma watano. Leo ina wanafunzi zaidi ya 300, na kazi yake kuu ni kupiga muziki katika mechi za futiboli ya Kimarekani, mchezo wa timu za watu 11 wanaogombea mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi zaidi ya kupigwa teke. Mechi za nyumbani huchezwa katika uwanja wa Ross-Ade, ndani ya eneo la chuo. Mechi za ugenini zina mambo yake. Bendi haiwezi kusikika huko mpaka watu, ala, sare na ngoma zisafirishwe hadi mji mwingine, na kila enzi ya usafiri, iwe ya reli, ya barabara au ya ndege, imeamua nani aende, abebe nini na afike kwa gharama gani. Kwa sehemu kubwa historia ya bendi hii ni historia ya safari zake, na mojawapo ya safari hizo ilileta msiba ambao chuo hakijausahau hadi leo.

Kwata na reli, 1886 hadi 1903

Purdue ilianzishwa mwaka 1869 kwa fedha na ardhi alizotoa mfanyabiashara John Purdue, pamoja na msaada uliotokana na Sheria ya Morrill ya mwaka 1862. Sheria hiyo iliyapa majimbo ardhi ya umma ili yaiuze na kuendeshea vyuo vya kilimo na ufundi, na ilitaka vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kijeshi. Kwa hiyo wanafunzi wa kiume walivaa sare, wakajipanga safu na kupiga kwata. Kwata haiendi bila mdundo wa kuhesabia hatua, na wale wapiga ngoma watano wa 1886 waliwekwa kwa ajili hiyo. Ala za kupuliza zilipoongezwa, kikosi kikawa bendi kamili, lakini mwendo wake ulibaki wa kijeshi: safu zilizonyooka, sare zenye vifungo vya shaba na amri moja kwa wote.

Wakati huohuo futiboli ilikuwa ikienea vyuoni. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kati ya vyuo viwili vya Marekani ilichezwa tarehe 6 Novemba 1869 huko New Brunswick, jimboni New Jersey, kati ya Rutgers na Princeton. Purdue iliunda timu mwaka 1887, na mechi yake ya kwanza, tarehe 29 Oktoba, ilikuwa ya ugenini: iliwafuata Butler mjini Indianapolis na kufungwa kwa alama 48 kwa 6. Januari 1895 rais wa Purdue, James Smart, aliwaita marais wa vyuo vingine sita mjini Chicago ili wakubaliane juu ya kanuni za michezo. Kikao hicho ndicho kilichozaa jumuiya ya michezo inayojulikana sasa kwa jina la Big Ten. Wanachama wake wa mwanzo, mwaka 1896, walikuwa Chicago, Illinois, Michigan, Minnesota, Northwestern, Purdue na Wisconsin, vyuo vilivyotawanyika katika majimbo matano.

Jumuiya ya namna hiyo isingewezekana bila reli. Chicago ilikuwa kitovu cha njia za reli za eneo zima, na treni iliweza kuipeleka timu katika mji wa jirani asubuhi na kuirudisha usiku. Kampuni za reli ziliona biashara hapo. Zilipanga treni maalumu za siku ya mechi, zikauza tiketi kwa wanafunzi, walimu, wazazi na wahitimu, na bendi ikapakiwa pamoja nao. Kazi yake haikuanzia uwanjani. Treni ilipowasili, bendi ilishuka, ikajipanga na kuwaongoza mashabiki kwa gwaride mitaani. Mji mwenyeji ukajua mapema kwamba wageni wamefika, na shabiki aliyetoka mbali akajiona yumo katika kundi moja lenye sauti.

Ajali ya 31 Oktoba 1903

Jumamosi ya tarehe 31 Oktoba 1903, Purdue ilipangiwa kucheza na Chuo Kikuu cha Indiana mjini Indianapolis, kiasi cha kilomita 100 kutoka Lafayette. Kampuni ya reli iliyoitwa Big Four ilitayarisha treni mbili maalumu. Ya kwanza ilibeba timu, bendi na mamia ya mashabiki, na rais wa chuo, Winthrop Stone, alikuwamo. Wachezaji walipewa behewa la mbele kabisa, mara tu nyuma ya injini. Lilikuwa behewa la mbao, kama yalivyokuwa mengi ya abiria wakati ule.

Kaskazini mwa Indianapolis, mabehewa ya makaa ya mawe yalikuwa yakisogezwa katika njia ileile. Wafanyakazi waliokuwa wakiyasogeza hawakuwa wamepata habari kwamba treni maalumu inakuja. Saa 4 asubuhi ilikuwa imepita kidogo pale dereva wa treni ya Purdue alipotokeza kwenye kona na kuyaona mbele yake. Aliigeuza injini irudi nyuma, lakini mwendo ulikuwa mkubwa na nafasi ilikuwa ndogo. Behewa la wachezaji lilisagika likawa vipande vya mbao, na mengine yaliyolifuata yakang'oka relini. Wale waliokuwa mabehewa ya nyuma, baadhi yao wakiwa wamesikia mshtuko tu, walishuka na kukuta wenzao wamelala kando ya reli.

Abiria walianza kuokoana wao kwa wao kabla msaada haujafika. Wachache walikimbia kando ya reli kurudi walikotoka ili kuisimamisha treni maalumu ya pili, iliyokuwa nyuma yao kwa dakika chache tu, na kwa kufanya hivyo wakazuia msiba juu ya msiba. Mchezaji mmoja, Walter Bailey, aliwaambia waokoaji wawashughulikie wengine kwanza, ingawa mwenyewe alikuwa ameumia vibaya. Alifariki baadaye kwa majeraha hayo. Nahodha Harry Leslie alidhaniwa amekufa na akapelekwa chumba cha maiti, ambako iligunduliwa kwamba mishipa yake bado inapiga. Aliishi, akapona, na mwaka 1929 akawa gavana wa jimbo la Indiana.

Waliokufa walikuwa 17, na 14 kati yao ni wachezaji. Mechi ilifutwa, na msimu wote uliobaki ukafutwa pia. Mwaka 1909 chuo kilikamilisha jengo la mazoezi la kumbukumbu, ambalo ngazi zake za kuingilia ni 17, moja kwa kila marehemu. Jengo hilo lingalipo, likiwa na jina na matumizi mengine, na wanafunzi wa leo hupanda ngazi zilezile.

Vijana wa bendi walikuwa wametoka nyumbani asubuhi hiyo wakiwa na ala zao ili wawashangilie wenzao, na wakarudi kuomboleza. Bendi ilibeba funzo hilo katika karne nzima iliyofuata: safari ya ugenini ni starehe kwa anayekaa dirishani, lakini kwa anayeipanga ni dhamana ya maisha ya vijana wa watu.

Emrick, herufi P na ngoma kubwa

Mwaka 1904, chuo kikiwa bado na jeraha hilo, alijiunga mwanafunzi aliyeitwa Paul Spotts Emrick. Mwaka 1905 alichaguliwa kuiongoza bendi, na aliiongoza hadi 1954, karibu nusu karne. Emrick alisomea uhandisi wa umeme na akaufundisha chuoni. Akili hiyo ya kihandisi ilionekana katika kila alichokifanya na bendi.

Mwaka 1907 wanamuziki wake waliziacha safu za kijeshi katikati ya uwanja na kujipanga wakaunda herufi P, ya kwanza katika jina la Purdue. Purdue huhesabu tukio hilo kuwa mara ya kwanza kwa bendi ya gwaride kuchora herufi kwa miili ya watu. Mwaka huohuo bendi ya Chuo Kikuu cha Illinois ilitoa onyesho la mapumziko ya mechi ambalo chuo hicho nacho hulihesabu kuwa la kwanza la aina yake. Hapo kazi ya bendi ikabadilika. Haikuwa tena ya kuhesabia askari hatua wala ya kujaza ukimya pekee, bali ya kutazamwa. Mapumziko ya mechi yakawa jukwaa lake, na bendi mgeni ikawa na sababu ya kupewa nafasi uwanjani, kwa kuwa watu wa mji mwingine walitaka kuona kile ambacho bendi yao haikuwa nacho.

Mwaka 1921 Emrick aliagiza kutoka kiwanda cha Leedy mjini Indianapolis ngoma ya besi ya ukubwa ambao bendi yake haikuwahi kuwa nao. Ikiwa juu ya gari lake la magurudumu, ngoma hiyo ina kimo cha zaidi ya mita 3, na uzito wake unapita kilo 200. Vipimo vyake kamili havitangazwi, kwa makusudi, ili ubishi usiishe. Na ubishi ulikuja upesi. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Chicago kiliitumia ngoma yake yenyewe, iliyotengenezwa na kampuni ya Conn ya Elkhart, Indiana, yenye kipenyo cha futi 8, katika mechi yake dhidi ya Princeton. Kila upande ulidai kuwa na ngoma kubwa kuliko zote duniani.

Ngoma hizo mbili zilipata bahati tofauti. Chicago iliacha futiboli mwaka 1939, na ngoma yake ikawekwa stoo chini ya majukwaa ya uwanja wa Stagg. Chini ya majukwaa hayohayo, tarehe 2 Desemba 1942, wanasayansi waliokuwa wakitafuta njia ya kutengeneza bomu la nyuklia walifanikisha kwa mara ya kwanza mfululizo wa mpasuko wa atomi unaojiendesha wenyewe. Ngoma ikapata mnururisho. Mwaka 1955 tajiri wa Texas, Harold Byrd, aliinunua kwa dola moja, akagharimia kusafishwa kwake, na akaikabidhi kwa bendi ya Chuo Kikuu cha Texas, iliyoitumia hadi mwaka 2022. Ile ya Purdue haikuachwa stoo. Ilisafiri. Kifaa kinachohitaji kikosi cha watu kukisukuma, gari la peke yake kukibeba na lango pana kukipitisha kingeweza kuachwa nyumbani bila lawama, lakini Purdue iliamua kwamba mahali ilipo bendi, ngoma nayo iwepo. Uamuzi huo umeipa kila safari ya bendi ugumu wa ziada, na umeipa pia alama ambayo wenyeji huitambua kabla hawajaisikia tarumbeta hata moja.

Ugeni, heshima na redio

Kati ya vita viwili vya dunia safari za ugenini zilipata adabu zake. Bendi mwenyeji iliikaribisha bendi mgeni, zikagawana muda wa mapumziko, na mara nyingi mgeni alitoa heshima kwa mwenyeji kwa kuandika jina au herufi ya chuo chake uwanjani. Mfano ulioacha alama kubwa ni wa tarehe 15 Oktoba 1932, bendi ya Chuo Kikuu cha Michigan ilipokwenda Columbus, jimboni Ohio. Michigan na Ohio State ni mahasimu wa jadi. Hata hivyo wageni hao walijipanga na kuandika neno "Ohio" kwa mwandiko wa kuunganisha herufi mbele ya mashabiki wa wapinzani wao. Miaka minne baadaye, tarehe 10 Oktoba 1936, bendi ya Ohio State chini ya Eugene Weigel ilifanya onyesho lake la mwandiko huohuo, na tangu hapo limekuwa utambulisho wa chuo hicho. Jambo ambalo mamilioni ya Wamarekani wanalijua kuwa la Ohio lilifanywa kwanza na bendi mgeni, na mgeni mwenyewe ni hasimu.

Purdue nayo ilipata jina lake njiani. Kwa mapokeo ya bendi, katika miaka ya 1930 ilitoa onyesho la usiku katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, wanamuziki wakiwa wamevaa taa za umeme, na mtangazaji wa redio ya NBC akaisifu kuwa bendi ya Marekani yote. Kutokana na sifa hiyo ikaitwa All-American, jina inalolitumia rasmi hadi leo. Aliyewavalisha vijana taa alikuwa mwalimu wa umeme, na aliyewapa jina alikuwa redioni. Umeme na redio viliibeba bendi kwa wasikilizaji ambao treni isingewafikia. Tangu 1927 bendi hiyo pia imekuwa ikisafiri karibu kila mwezi Mei hadi Indianapolis kwa mashindano ya magari ya maili 500, hivyo mji wa msiba wa 1903 ukawa mji inaouzuru mara kwa mara.

Vita vya Pili vya Dunia vilikata safari. Matairi yalianza kugawiwa kwa mgao Januari 1942, na petroli nchini kote Desemba mwaka huohuo. Treni zilijaa askari, na wanamuziki wenyewe waliitwa jeshini. Hata mechi ya Rose Bowl, inayochezwa kila mwaka California, ilihamishiwa Durham, North Carolina, Januari 1942 kwa hofu ya mashambulizi katika pwani ya magharibi. Bendi za vyuo ziliendelea kwa watu wachache na kwa kucheza karibu na nyumbani.

Barabara kuu na mabasi

Baada ya vita vyuo vilijaa askari waliorudi kusoma. Mmoja wa wanafunzi wa Purdue wa miaka hiyo, Neil Armstrong, alipiga ala ya shaba iitwayo baritoni katika bendi. Mwaka 1969 alikuwa binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi. Mwaka 1954 Emrick alimwachia uongozi Al Wright, aliyeishika bendi hadi 1981.

Mabadiliko makubwa ya enzi ya Wright yalitoka Washington. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ilianzisha ujenzi wa mtandao wa barabara pana za kitaifa, na mojawapo, namba 65, ilipita jirani na Lafayette kuiunganisha na Indianapolis upande mmoja na eneo la Chicago upande wa pili. Treni maalumu za mechi zilififia, mabasi yakachukua nafasi. Basi lina faida ambayo treni haikuwa nayo: humchukua mwanamuziki mlangoni mwa chumba cha mazoezi na kumshusha mlangoni mwa uwanja.

Mpango wa safari ya mabasi huanza na hesabu. Bendi ya watu 300, kwa mabasi ya abiria 50, inahitaji mabasi sita, na la saba kwa walimu, wauguzi na wasaidizi. Ala ndogo kama filimbi na klarineti hukaa na wenyewe. Soosafoni (ala kubwa za shaba zinazobebwa begani), matoazi na ngoma hupakiwa katika lori, kila kimoja katika sanduku lake lenye namba, kwa mpangilio unaofanya kinachohitajika kwanza kiwe karibu na mlango. Orodha ya majina husomwa kabla ya mabasi kuondoka na husomwa tena kila yanaposimama. Sare huvaliwa mabasi yakikaribia kufika, kwa sababu sare iliyokaliwa saa nne haipendezi kwenye gwaride.

Kinachoamua zaidi ni saa za dereva. Sheria ya shirikisho humruhusu dereva wa basi la abiria kuendesha kwa saa 10 kwa jumla, kisha apumzike saa 8 mfululizo. Kutoka West Lafayette hadi Champaign kwa Illinois, Bloomington kwa Indiana au Evanston kwa Northwestern, bendi huweza kwenda, kucheza na kurudi siku hiyohiyo kwa dereva mmoja. Minneapolis au Lincoln, Nebraska, ni safari ya saa nane au tisa kwa upande mmoja. Hapo inabidi bendi ilale hotelini au iajiri madereva wa zamu, na gharama inapanda ghafla. Ndiyo maana mechi ya Bloomington dhidi ya Indiana, ambamo tangu 1925 hugombewa ndoo ya mwaloni kama kombe, kwa kawaida haikosi bendi nzima, ilhali viwanja vingine vya mbali vimeisikia mara chache.

Wanaosafiri nao walibadilika. Sheria ya mwaka 1972 inayojulikana kama Title IX ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za shirikisho, na bendi zilizokuwa za wanaume watupu zikafungua milango. Ohio State, kwa mfano, ilipokea wanawake wake wa kwanza mwaka 1973.

Basi lilikuwa na hatari yake ambayo haikutoka barabarani. Tarehe 19 Novemba 2011, baada ya mechi mjini Orlando, mmoja wa viongozi wa gwaride wa bendi ya Chuo Kikuu cha Florida A&M alipigwa na wenzake ndani ya basi la bendi lililoegeshwa nje ya hoteli, katika mila ya siri ya kuwatesa wanabendi kwa kisingizio cha kuwakomaza. Alifariki usiku huo. Bendi hiyo, iliyopewa hadhi kubwa na William Foster tangu 1946 na iliyowahi kuandamana Paris mwaka 1989 katika sherehe za miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa, ilisimamishwa hadi 2013, na baadhi ya wahusika walitiwa hatiani mahakamani. Kifo hicho kilivilazimisha vyuo kukubali kwamba kijana anapaswa kulindwa safari nzima, pamoja na zile saa ambazo basi limesimama na walimu wamekwenda kulala.

Tukio jingine lilionyesha kwamba bendi mgeni inaweza kuingia katika mchezo wenyewe. Tarehe 20 Novemba 1982, bendi ya Stanford ilikuwa Berkeley kwa mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha California. Zikiwa zimebaki sekunde 4, Stanford ikiongoza, wanabendi walidhani mechi imekwisha na wakaingia uwanjani. Mchezo ulikuwa ukiendelea. Wachezaji wa California waliupasiana mpira mara tano kwa kuurusha nyuma, wakapenya katikati ya bendi, na aliyefunga alimgonga mpiga tromboni aliyesimama kwenye eneo la kufungia. California ilishinda 25 kwa 20. Hakuna bendi ya chuo iliyopewa funzo kali zaidi la kusubiri filimbi ya mwisho.

Pasadena

Mojawapo ya safari ndefu zaidi kwa bendi za Big Ten ilikuwa ya Pasadena, California, kwa mechi ya Rose Bowl. Kuanzia Januari 1947 jumuiya hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka timu huko kila mwaka. Kanuni ya wakati huo haikuruhusu chuo kimoja kwenda mara mbili mfululizo. Mwaka 1966 bingwa alikuwa Michigan State, lakini kwa kuwa kilikuwa kimekwenda msimu uliotangulia, nafasi ilikwenda kwa Purdue, iliyoshika nafasi ya pili. Tarehe 2 Januari 1967 Purdue iliifunga Southern California 14 kwa 13.

Kwa bendi siku hiyo ilikuwa na kazi mbili. Kabla ya mechi yapo maandamano ya maua ya Pasadena, yenye urefu wa karibu kilomita 9, ambayo mwanamuziki huyatembea akipuliza au akipiga bila kupumzika, huku kamera za televisheni zikimfuata. Baada ya hapo huenda uwanjani kwa onyesho na kwa saa kadhaa za kushangilia. Anayepiga soosafoni hubeba shaba hiyo begani mwendo wote. Purdue ilirudi Pasadena mara nyingine tarehe 1 Januari 2001, ikafungwa na Washington 34 kwa 24. Miaka 34 ilipita kati ya safari hizo mbili, na vizazi vizima vya wanabendi vilihitimu bila kuiona Pasadena.

Ramani mpya

Katika karne ya 21 safari zimebanwa kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni viwanja. Tarehe 18 Septemba 2021 Purdue ilicheza ugenini na Notre Dame mjini South Bend, ndani ya jimbo lilelile la Indiana. Ngoma kubwa haikuweza kupita katika lango la wageni, na haikuruhusiwa kutumia lango la wenyeji. Bendi ilikwenda bila ngoma yake. Habari hiyo ilisambaa nchini, kwa sababu mashabiki wengi, hata wasio wa Purdue, waliona kwamba kumzuia mgeni asiingie na ngoma yake kunaupunguza mchezo.

Upande wa pili ni umbali. Big Ten ya 1896 ilikuwa na vyuo 7 vilivyofikika kwa treni. Baada ya mabadiliko mengine ya wanachama, Nebraska iliingia 2011, Maryland na Rutgers 2014, na mwaka 2024 zikaingia Southern California, UCLA, Oregon na Washington, zikafanya wanachama kuwa 18 kutoka pwani ya Atlantiki hadi ya Pasifiki. Kilichosukuma upanuzi huo ni fedha za haki za televisheni. Timu ya futiboli hukodiwa ndege na kufika Los Angeles baada ya saa chache. Bendi ya watu 300, yenye lori la ala na ngoma ya mita 3, haiwezi kufanya hivyo kila wikiendi, na wanamuziki wake ni wanafunzi wenye masomo Ijumaa na Jumatatu. 

Kwa jumla umbali ndio huamua ukubwa wa msafara. Kwa miji ya saa chache za barabara, bendi nzima huweza kwenda kwa mabasi, na ngoma hufuata katika gari lake. Kwa miji ya mbali huweza kwenda kikosi kidogo cha wanamuziki wachache, ambacho hukaa jukwaani na kushangilia bila onyesho la uwanjani. Kwa safari za pwani ya magharibi bendi huweza kubaki nyumbani, isipokuwa mechi ya fainali ya msimu inapofika na fedha za ziada kupatikana. Ratiba za mechi hupangwa na watu wa michezo na wa televisheni, na bendi hupewa tarehe ikiwa tayari imeamuliwa. Vyuo vinavyoithamini bendi huingiza gharama za safari zake katika bajeti ya msimu tangu mwanzo, pamoja na malazi, madereva wa zamu na uangalizi wa wanafunzi. Visivyofanya hivyo huwaachia wenyeji uwanja wenye sauti ya upande mmoja.